Mifereji Iliyovishwa Vitambaa

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani tangu nikiwa nimeolewa karibuni. Mama mkwe wangu alitoka bafuni kwetu Kisumu akiwa na povu la sabuni mabegani, leso ameifunga kombo, akasema kama mtu anayetoa habari tu, "Maji yenu yananiuma."

Nitakusimulia polepole, maana najua umehamia nyumba ya kupanga yenye shawa ya stima. Juzi nilikusikia ukisema kwenye simu kwamba inakutekenya kidogo ukigusa mfereji, lakini umeshazoea. Neno hilo la kuzoea ndilo lililonifanya nikuite uketi hapa. Chai ipo, kunywa huku unasikiliza.

Wakati huo mimi na mume wangu Ouma tulikuwa tumepanga orofa ya juu kabisa katika jengo moja lililo karibu na Kaloleni. Mimi nilizaliwa Luanda Kotieno, mahali ambapo bafu letu lilikuwa ziwa lenyewe, wanawake upande huu wa mawe, wanaume upande ule. Kwa hiyo shawa ya maji moto ilikuwa fahari kwangu, na kwa Ouma ilikuwa fahari maradufu. Mgeni akija, kabla hajapewa hata kiti, alionyeshwa bafu. Ouma alikuwa akibonyeza swichi, akifungua mfereji, na maji yakishuka moto tayari, bila kuni, bila makaa, bila kungoja. Mgeni akishangaa, Ouma alifurahi siku nzima.

Mama yake aliitwa Mama Dorsila, mkazi wa Katito. Alikuja kwetu kwa sababu ya magoti. Yalikuwa yamevimba hata kwenda sokoni ikawa shida, na daktari aliyetakiwa kumwona alikuwa mjini. Ouma alimwahidi kwamba maji ya moto ya kwetu yatamtuliza kabla hata dawa haijaanza kufanya kazi. Alimwonyesha swichi, akamwonyesha mfereji, akamwachia taulo mpya. Kisha sote wawili tukakaa sebuleni kungoja asifu.

Ndipo akatoka na lile povu.

Ouma alicheka. Si kwa dharau, mwanangu, alimpenda mama yake. Alicheka vile kijana wa mjini anavyocheka mzazi akishangaa ngazi za jengo refu. "Mama, hiyo ni stima kidogo tu," alimwambia. "Inatekenya. Ukioga mara mbili tatu utazoea."

Mama Dorsila akajifuta povu la shingoni. "Nimezoea mengi katika maisha yangu, Ouma," alisema. "Kuumwa na maji sitazoea."

Akaomba karai. Nilimchemshia maji kwenye jiko, akaoga kwa karai mle mle bafuni, akavaa, akafunga kilemba chake vizuri. Halafu akaniita. Aliniita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kama kina mama wa kwetu wanavyowaita wake wa watoto wao kwa jina la mahali walikotoka.

Nilimkuta amesimama mbele ya mfereji wa shawa. Juu ya mfereji ule palikuwa pamefungwa kitambaa, kipande cha shati kuukuu, kimezungushwa na kufungwa fundo.

"Nyar Uyoma, kitambaa hiki ni cha nini?"

"Nilikikuta hapo, Mama. Aliyekaa hapa kabla yetu alikiacha."

"Na kwa nini hukukitoa?"

Nikasema ukweli, kwamba bila kitambaa mfereji unapiga. Nikaongeza, sijui kwa nini, kwamba kitambaa nilikuwa nakifua kila Jumamosi.

Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti. Alipotaka kukukemea, alipunguza sauti mpaka ukalazimika kumsogelea. "Kwa hiyo mnajua," alisema. "Mnauogopa mfereji wenu wenyewe hata mmeuvisha nguo. Lakini mimi nikisema maji yanauma, mtoto wangu ananicheka kama mshamba. Sasa niambie, kati yangu na nyinyi, nani haelewi mambo ya mjini?"

Mwanangu, nimewahi kukemewa na watu wengi, wengine kwa kelele mpaka majirani wakatoka nje. Hakuna aliyenifikia kama yule mama aliyenong'ona bafuni.

Nilidhani yameisha. Kumbe alikuwa anaanza. Aliniuliza, "Na majirani, wao wanaoga na nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi twende tukawasalimu." Akashika fimbo yake.

Lazima nikueleze jengo lile. Walikaa watu wa kila mahali: Waluhya, Wakisii, Mkamba mmoja karani, wasichana wawili wanafunzi wa chuo. Mama Dorsila alikuwa na Kiswahili kidogo sana, cha kununua na kuuza tu, kwa hiyo mimi nilikuwa mdomo wake. Tulishuka ngazi moja moja, yeye akiegemea bega langu, na kila mlango tuliobisha alisalimia kwa adabu, akauliza habari za watoto, kisha akaomba aonyeshwe bafu. Watu walishangaa, lakini nani atamnyima mama mzee wa watu kuona bafu?

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Moraa, mwanamke wa Kisii aliyekuwa akiuza ndizi. Mfereji wake ulikuwa umevishwa mfuko wa plastiki na kufungwa kwa raba. Wale wanafunzi walikuwa na mwiko wa ugali bafuni, wanausukumia mfereji ufunguke na ufungike bila wao kuugusa. Waliufanya mzaha, wakasema huo ndio rimoti yao. Mutua, yule karani, alikuwa na kibanio cha nguo na gazeti lililokunjwa. Kila mmoja alituonyesha akicheka, kila mmoja alikuwa na kisa chake cha siku aliyorushwa mkono. Na kila mmoja, mwanangu, alifikiri ni nyumba yake peke yake iliyo na tatizo hilo. Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta bila kuulizana.

Mama Dorsila hakucheka nao. Kila nyumba aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, je, maji yanakuuma? La pili, stima ya jengo hili inazimwa wapi? La kwanza wote walilijibu. La pili, huko orofa za juu, hakuna aliyelijua, hata mimi niliyekuwa nikilitafsiri.

Orofa ya chini alikaa Wekesa na mkewe Nafula. Wekesa aliuza viatu vya mitumba soko la Kibuye, mtu mcheshi, mwenye kujiamini. Alitukaribisha kwa mikono miwili, lakini alipoulizwa habari ya shawa alitikisa kichwa.

"Mama, yangu haina shida," alisema. "Mimi huvaa patipati, ndala hizi za mpira, naoga, natoka. Stima haipiti kwenye mpira. Mimi ni mtu wa viatu, hiyo najua."

Nikamtafsiria Mama Dorsila. Alifikiri, akasema, "Mwambie patipati ni za kwenda chooni, si za kuzuia kifo."

Hiyo sikuitafsiri yote. Nilisema tu kwamba Mama ana wasiwasi. Wekesa akacheka, akamshika mkono kwa heshima. Lakini lile swali la pili yeye alilijibu, kwa kuwa mlango wake ulikuwa karibu na ngazi. Alitupeleka mpaka chini ya ngazi, akafungua kisanduku cha chuma ukutani. "Hii kubwa ndiyo inazima nyumba zote," alisema. "Ukiishusha, jengo lote linalala." Mama Dorsila akaniambia niiguse kwa mkono ili nikumbuke. Niliona haya, lakini niligusa.

Mwenye nyumba alikuja kabla ya wiki kuisha, mzee mpole ambaye hakuwa na makuu. Wapangaji walikusanyika uani, Mama Dorsila akawekewa kiti. Nisimseme vibaya mzee yule. Maji ya mji yalipokuwa yanakatika kila mara na watu wakibeba mitungi kupanda ngazi, ndiye aliyechimba kisima kwa jasho lake ili wapangaji wake wasiteseke. Ni kweli pia kwamba shawa za jengo zilianza kuuma baada ya kisima kile, kabla mimi na Ouma hatujahamia. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo, chai ikawa na ladha nyingine, sufuria zikashika ukoko mweupe. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Alisikiliza, akakubali. "Wiki ijayo nitaleta fundi," alisema.

"Na wiki hii?" Mama Dorsila akauliza kupitia kwangu.

"Wiki hii mwoge tu, Mama. Ni kitu kidogo, mmekaa nacho miezi yote hii."

Mama Dorsila hakubishana naye. Aliporudi juu alimwambia mwanawe azime swichi ya shawa na asiiwashe mpaka fundi aje. Ouma alinuna. Alisema hawezi kuoga kwa karai kama yuko kijijini, watu wa kazini watasikia harufu ya moshi. Mama yake akamwambia moshi haujawahi kumwua mtu aliyevaa shati safi. Basi tukachemsha maji. Mama Moraa naye alizima ya kwake, na wale wasichana pia. Wekesa hakuzima.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, saa ya watu kujiandaa kwenda kanisani. Nilikuwa napiga pasi shati la Ouma kwa pasi ya makaa. Tukasikia kitu kizito kikigonga ukuta huko chini, na sauti ya Nafula, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hakuwa anaita msaada, alikuwa anaita jina la mumewe tu, mara baada ya mara.

Ouma alitangulia kushuka akiwa na vesti, mimi nyuma yake. Mlango wao ulikuwa wazi, na mlango wa bafu ulikuwa wazi. Wekesa alikuwa ameshika mfereji kwa mkono mmoja, amebanwa ukutani, mwili mzima unatetemeka, maji yakimshukia. Macho yake yalikuwa yanatuona. Hicho ndicho sitakisahau, kwamba alikuwa anatuona na hakuweza kusema. Miguu yake ilikuwa mitupu. Nafula alikuwa amevaa patipati za mumewe. Alikuwa ametoka nazo kwenda kuanika nguo uani.

Nafula alikuwa anamwendea. Ouma naye alinyoosha mkono amvute. Ni jambo la kawaida, mwanangu, ukimwona mtu anakufa mkono wako unaenda wenyewe. Nilimshika Ouma kwa vesti nikamvuta mpaka ikachanika, na kwa mkono wangu mwingine nikamsukuma Nafula kwenye mlango. "Msimguse," nilisema. "Atawashika na nyinyi." Nikakimbia chini ya ngazi, nikafungua kile kisanduku, nikaishusha ile kubwa.

Redio zote za jengo zilinyamaza pamoja. Halafu nikasikia Wekesa akianguka.

Tulimtoa akiwa anapumua. Alikuwa anahema vibaya, hajui yuko wapi, na kiganja kilikuwa kimeungua mpaka nyama. Mutua alikimbia barabarani akarudi na tuktuk, wakampakia na Nafula wakaenda hospitali. Hakuna aliyefika kanisani asubuhi ile. Wale wasichana walikaa kwenye ngazi wakilia. Mama Moraa alipika uji akampa kila mtu, hata wasioutaka.

Ouma alikaa chini ukutani, vesti imechanika. Mama yake alishuka ngazi polepole na magoti yake, akaketi karibu naye kwenye sakafu, jambo ambalo daktari alikuwa amemkataza.

"Mama, ningemshika," Ouma alisema. "Mkono ulikuwa umeshafika."

"Najua."

"Ningekufa pale pale."

"Mkeo alikuwa na akili yake," Mama Dorsila akamjibu. "Mimi niliposema maji yananiuma hukuniuliza kitu, ulicheka. Siku nyingine ukisikia mtu mzima anasema anaumwa, muulize anaumwa wapi kabla hujacheka."

Ouma alipanda juu, akakifungua kile kitambaa kwenye mfereji wetu, akakitupa. Mpaka leo, na yeye ni babu sasa, hamcheki mtu anayelalamika.

Fundi alikuja kesho yake. Huyu alikuwa fundi wa stima mwenye kibali, na mwenye nyumba mwenyewe alimfuata nyuma toka bafu hadi bafu, kofia mkononi. Fundi alifungua shawa ya Wekesa akatuonyesha ndani. Zilikuwa shawa za maji matamu. Ule waya unaopasha maji moto hukaa ndani ya maji yenyewe, na maji yakiwa na chumvi, stima hupita ndani yake kwa urahisi na kumfikia anayeoga. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, waya wake umefunikwa, lakini hakuna aliyekumbuka kuzibadilisha kisima kilipochimbwa. Halafu akafukua ukutani akatuonyesha jambo baya zaidi. Waya wa ardhini, ule unaotakiwa kuipeleka stima iliyopotea njia chini ya ardhi badala ya kwenye mwili wa mtu, ulikuwa umekatwa na kuachwa unaning'inia. Haukuwa umefungwa popote. Nyumba zote zilikuwa hivyo.

Mwenye nyumba aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akashika kichwa. Alikuwa amefanya wema kuchimba kisima, na wema wenyewe ulikaribia kumwua mpangaji wake. Nilimhurumia. Alibadilisha kila kitu, shawa, nyaya nene za kuibeba stima ya shawa peke yake, na kile kifaa kinachokata stima chenyewe ikivuja. Kila jioni alikwenda hospitali kumwona Wekesa, akimpelekea samaki. Wekesa alipona. Kidole kimoja hakikukunjika tena vizuri, na kwa muda mrefu Nafula ndiye aliyekuwa akiwafungia wateja kamba za viatu pale Kibuye, lakini alipona, na watoto wao wakakua wakiwa na baba.

Mama Dorsila alimaliza matibabu yake akarudi Katito. Hakuoga tena kwenye shawa ile, hata baada ya kutengenezwa. Ouma alimbembeleza, akamwambia sasa ni salama kabisa. Akamjibu kwamba anaamini, na kwamba anashukuru, ila yeye alikuja kwa ajili ya magoti.

Sasa nikuambie ninachotaka ushike, mwanangu.

Stima ikikutekenya bafuni, ujue tayari imepata njia ya kukufikia, na kinachokutenganisha na Wekesa ni kitu kidogo sana, pengine kiatu, pengine bahati. Usikitafutie kitambaa. Usitafute mwiko wala patipati. Zima swichi ya shawa siku hiyo hiyo, uchemshe maji kwa sufuria, hata kama utaoga kwa karai mwezi mzima, na hata kama wenzako watakuita mshamba. Kisha mwite fundi mwenye kibali, si rafiki wa rafiki aliyewahi kufunga balbu. Mwulize waya wa ardhini umefungwa wapi, na akuonyeshe kwa macho yako. Mwulize kama nyaya zinatosha kubeba shawa, na kama kipo kifaa cha kukata stima ikivuja. Mwambie maji yako yanatoka wapi, kwa maana shawa ya maji matamu haifai kwa maji ya kisima chenye chumvi. Na siku maji ya nyumba yakibadilishwa, uliza upya, usidhani.

Ukitaka kusafisha vitundu vya shawa vilivyoziba, zima swichi kwanza, nayo swichi isiwe mahali mkono wenye maji unaweza kuifikia. Ukihamia nyumba yoyote, kabla hujapanga vyombo, tafuta swichi kubwa ya kuzima stima iko wapi, uiguse kwa mkono ili mkono ukumbuke siku kichwa kitakapokimbia. Na ukimwona mtu amenaswa, hata akiwa mtoto wako wa kuzaa, usimguse. Zima kwanza. Ukishindwa kuzima, msukume kwa kitu kikavu cha mbao, wewe mwenyewe ukiwa umesimama pakavu. Kuuzuia mkono ni kazi ngumu, nimeifanya, nami nakuambia inawezekana.

Jingine ni hili. Bisha kwa jirani. Mwulize kama maji yanamwuma. Sisi tulikaa katika jengo moja tukiogopa kitu kimoja, kila mtu na ujanja wake, mpaka mama mzee mwenye magoti mabovu akashuka ngazi kutuuliza.

Nenda sasa, mwanangu, kabla mvua haijaanza, na jioni unipigie uniambie fundi amesema nini. Mungu wa baba zako akae nawe katika nyumba hiyo mpya, chumbani na bafuni, usiku na mchana. Maji yake yakuoshe jasho na uchovu tu. Mikono yako ibaki mizima, ifanye kazi, ilishe watu, na siku moja imbebe mtoto ambaye nami nitampokea kutoka mikononi mwako. Amina.